Twende Kilioni

Neno lilimtoka msusi mikono ikiwa kichwani mwa mteja. Mteja, mama mmoja muuza mkaa wa mtaa ule ule, alikuwa amesifia mistari ilivyonyooka, akauliza ni nani aliyemfundisha kusuka. Msusi alijibu bila kufikiri, huku akitenga nywele kwa ncha ya kitana: "Marehemu bibi ndiye aliyenifundisha."

Mteja akakakamaa shingo. Alipofika alikuwa amepiga hodi chumbani na kumjulia hali huyo huyo marehemu. Nyuma ya pazia, hatua chache kutoka pale walipoketi, bibi akakohoa.

Tangu siku hiyo msusi hakumtazama bibi yake usoni. Kazi hakuacha. Alimgeuza ubavu huu na ule ili mgongo usichubuke, alimpaka mafuta visigino, alimlowanisha midomo kwa pamba, alimpa kwa wakati ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Lakini yote aliyafanya kama mtu anayefua nguo za mwenyewe asiyekuwepo. Godoro lake akalihamishia ukumbini, akasingizia joto. Bibi, aliyemlea tangu hajaota meno, na aliyezoea kumwita mke mwenzangu na kumsuta kwamba alikuja kumpora mume, naye akaacha utani. Nyumba ikapoa.

Muuguzi wa huduma shufaa, yule anayezunguka majumbani kuwahudumia wagonjwa ambao hospitali imekwisha kusema hawatapona, alifika asubuhi, begi begani. Alimkagua bibi, akasifu ngozi ilivyotunzwa, akaongeza kidogo kipimo cha dawa. Kisha hakuaga. Alivuta kiti cha wateja akaketi, akamwambia msusi naye aketi. Leo mgonjwa wa pili ni yeye.

Msusi alisema hana anachoumwa. Muuguzi akauliza analalaje. Halali, anasikiliza pumzi ya bibi. Anakula? Anaonja. Muuguzi akalisogeza begi kando, na msusi akaanza kusema. Akasimulia neno lilivyomtoka. Akasimulia na la pili, ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba asubuhi nyingine, akiisikia ile pumzi bado inakwenda, kabla ya kushukuru huchoka kwanza.

"Nimemzika angali hai," alisema. "Mimi ni mtu gani?"

"Mtu aliyeanza kulia mapema. Wengi wanaouguza wako hivyo. Hawasemi tu, wanaogopa kuonekana wachawi."

Msusi akacheka puani, kicheko kikageuka machozi kabla hakijatoka vizuri. Muuguzi hakumbembeleza anyamaze. Alimwacha mpaka akamaliza, ndipo akamwambia kuwa huzuni inayotangulia kifo si laana, wala haimharakishi mgonjwa. Kinachomuumiza mgonjwa ni kuachwa peke yake na yeye bado yupo. Ila kuhusu lile neno, alisema, hawezi kumsemea. Anachoweza ni kukaa pale ukumbini na kuitikia mlango, wakati mwenzake yuko ndani.

Msusi aliingia na kitana mkononi, maana hakujua aingie na nini.

Bibi alikuwa macho. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimeshikamana nyuma, pale kisogo kinapolalia mto.

"Nilidhani mke mwenzangu kaolewa kwingine," alisema kwa sauti nyembamba.

"Bibi, siku ile ulisikia."

"Masikio ndiyo yaliyobaki mazima. Nilisikia, nikajifinya paja kuhakikisha. Likauma. Nikasema, aa, huyu kaniwahisha."

Msusi alipanda kitandani, akakiinua kichwa cha bibi na kukiweka pajani. Kilikuwa chepesi mno. "Nisamehe," akasema.

"Neno halikuniuma. Kilichoniuma ni godoro."

Bibi akafumba macho, akapumzika kidogo, kisha akataka asukwe. Alipoulizwa mtindo gani, akasema twende kilioni.

Hakuna msusi asiyeujua: mistari michache minene inayorudi nyuma, mtindo wa wanawake waliopata habari ya msiba na hawana muda wa kujipamba. Kitana kikasimama hewani.

"Chagua mwingine basi, bibi."

"Mwingine utanichosha. Na kilio chenyewe ni changu. Niende kichwa timtim, nina mjukuu msusi?"

Wakacheka. Kicheko kikamletea bibi kikohozi. Msusi akamwinua, akamfuta, akamlaza tena pajani. Akaanza kuyafumua yale mafundo kwa vidole, mafuta kidogo kidogo. Kwenye mstari wa kwanza bibi alilalamika kwamba anabana mno. Kwenye wa pili akamuuliza kama amechoka.

"Nimechoka, bibi."

"Mimi pia. Nimechoka hata kujifanya sijachoka."

Wa tatu ulipofika kisogoni bibi alikuwa amesinzia, nusu ya kichwa bado. Msusi hakumwamsha. Alikifunga kichwa kitambaa, akatoka kumwambia muuguzi kwamba amebakiza upande mmoja. Muuguzi akasema atakaa kidogo. Wateja wakija atawaambia leo msusi kafunga.

Msusi akaliburuta godoro hadi chumbani, akalitupa sakafuni kando ya kitanda, naye akajitupa juu yake. Pumzi ya bibi ilikuwa pale juu, ikienda kwa kukwaruza. Usingizi ulikuwa umeshamkamata miguu aliposikia anaitwa.

"Mke mwenzangu."

"Abee."

"Lala. Ila usikorome, wengine tunaumwa."