Mgongo Usio na Jina

"Fumua," alisema binti.

Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba wa shule ungali begani, macho yameganda kwenye kizibao cha njano kilichokaa chini ya sindano ya cherehani. Herufi za kwanza za jina lake zilikwisha kushonwa mgongoni kwa uzi mwekundu, kubwa, za kusomeka kutoka mbali.

"Nimesema ufumue, mama. Tafadhali."

Fundi aliinua mguu kutoka kwenye pedali. Gurudumu likajizungusha kidogo, likatulia. Hakutaka kumtazama mwanawe usoni, kwa hiyo aliitazama kazi. "Ni jina tu, Kitinda. Kila anayeendesha anabeba jina la mtu wake."

"Basi tafuta mtu mwingine."

Vizibao hivyo vililetwa na mama mmoja wa chama cha wagonjwa wa kisukari, mtu wa maneno machache na hatua za haraka. Kulikuwa na safari ya baiskeli ya siku mbili, kutoka mji huu hadi mji wa ng'ambo ya milima. Waendeshaji wangechangiwa na jamaa na majirani, na michango ingekwenda kwa watafiti wanaotafuta dawa ya ugonjwa huo. Kazi ya fundi ilikuwa kushona majina. Alishona majina ya mabibi, ya waume, ya ndugu. Kuna kizibao kilichotakiwa kiandikwe "Mwanetu" peke yake, bila zaidi, na hapo mkono wake ulikuwa mzito kama unaosukuma sindano kwenye ngozi ya kiatu. Siku yule mama alipokuja kuchukua rundo, fundi alimwuliza kama kuna nafasi ya mtu mmoja.

"Unajua kuendesha?"

"Nilikuwa najua."

Jioni alimwambia mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, kwamba mtu aliyekanyaga pedali maisha yake yote ya utu uzima bila kusogea hata hatua moja ana haki ya kufika mahali. Mume alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Lakini kesho yake asubuhi fundi alimkuta uani, ameigeuza baiskeli yake miguu juu, anaisugua kutu. Ilikuwa baiskeli ya kazi, ya kufungia ngazi na kuning'inizia makopo. Ilikuwa na matone ya rangi ya kila nyumba ya mtaa ule.

Kitinda hakucheka wala hakusugua kitu.

Ugonjwa ulimwanza miaka miwili nyuma. Alikuwa anakunywa maji kama aliyelamba chumvi, anakonda, sare zinamning'inia. Fundi alizipunguza sare zile mara mbili kabla hajajua alichokuwa anakipunguza. Tangu hapo nyumba yao ilikuwa na sindano za aina mbili, na hakuna iliyolala njaa. Nyumbani Kitinda alijidunga mezani huku anasoma. Shuleni alijifungia chooni. Wenzake waliamini kisukari ni cha wazee na cha walafi. Alikwisha kuwasikia wakimcheka mwalimu mmoja nyuma ya mgongo wake, wakimwita Gunia la Sukari. Ni afadhali wamcheke yeye kwa kwenda chooni kila saa.

Fundi alichukua kiwembe akaanza kukata uzi, pigo moja moja. Kitambaa kilikuwa cha aina isiyosamehe. Uzi ulitoka, matundu yakabaki.

"Nitakwenda hata hivyo," alisema.

"Nenda. Ila usiende na mimi."

Wiki za mazoezi alikiona cha mtema kuni. Mwili haukuwa umesahau kuendesha, ulikuwa umesahau kuvumilia. Siku ya kwanza alianguka mbele ya bucha, na mwuza nyama akatoka na kisu mkononi kumwuliza kama baiskeli inauzwa. Mumewe alimkimbilia nyuma ameshika kiti, makopo mawili tupu yakigongana kwa sababu alisahau kuyafungua kutoka kwenye baiskeli, na watoto wa mtaa wakawa wanauliza yule baba anafukuza mke au anafukuza baiskeli. Usiku mapaja yalimwaka moto. Asubuhi alikaa kwenye cherehani akitia mto chini yake, na wateja wenye adabu wakajifanya hawauoni.

Kitinda alipita katikati ya yote hayo kama anayepita karibu na ugomvi wa watu asiowajua. Lakini alfajiri ya safari, fundi alipoinama kuvaa viatu, alikuta chupa yake imekwisha kujazwa maji.

Walitoka wakiwa kundi kubwa, wenye baiskeli nyembamba za mashindano mbele, wenye baiskeli za mizigo nyuma. Kabla jua halijapanda, wale wa mbele walikuwa wameshapotea. Fundi akajikuta pembeni ya mzee mmoja, tarishi mstaafu, aliyepeleka barua kwa baiskeli mpaka barua zenyewe zilipokoma. Alikuwa na miguu myembamba kama vijiti vya kufumia, na haikuchoka. Mgongoni mwake lilikuwapo jina la mwanamke. Fundi aliitambua mishono yake mwenyewe.

"Mgongo wako hauna mtu, mama," mzee alisema.

"Yupo. Amekataa kupanda."

Mzee alicheka. Kisha akasema, "Huyu wangu hakuulizwa. Alikwisha kwenda zake, nami nikamwandika. Mke wangu alikuwa mtu wa siri. Soksi alikuwa havui mbele za watu, nami nadhani ni baridi. Siku alipovua, kidole kilikuwa cheusi." Akanyoosha kofia yake. "Sijui kama angekubali nimtembeze hivi mchana kweupe. Wakati mwingine nasikia ananigombeza."

Fundi aliinamia usukani. Alikanyaga.

Siku ile ya kwanza walilala katika ukumbi wa chuo kimoja kando ya barabara. Jua lilikuwa bado lina nguvu walipofika. Fundi alikuwa amevua viatu, ameweka nyayo kwenye saruji ya baridi, simu ilipolia.

"Uko salama?" mumewe aliuliza.

"Niko salama. Kuna nini?"

"Kitinda ameanguka darasani. Sasa yuko sawa. Nakwambia yuko sawa, niko naye hapa nyumbani, anakula."

Alimweleza taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi na kopo lililojaa. Sukari ilimshuka. Alitoka jasho, akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, mwalimu akadhani anamfanyia mzaha. Kisha akateleza kutoka kwenye benchi. Walimpepea, walimmwagia maji, hakuna aliyejua la kufanya, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa. Ni msichana anayeketi naye ndiye aliyekimbia kuleta soda akamnywesha kidogo kidogo. Siku nyingi nyuma aliwahi kumwona Kitinda anatoka chooni na sindano, akanyamaza nalo.

"Si nilisema?" mume aliongeza kwa sauti ya chini. "Mficha maradhi..."

"Usimalizie. Nipe mwanangu."

Simu ilibadili mikono. Fundi alisikia kwanza pumzi.

"Mama, najua unatafuta viatu."

"Nimeshavaa." Ilikuwa kweli, kimoja. "Kuna gari la wagonjwa linarudi mjini jioni hii."

"Usirudi."

"Mwanangu, umeanguka."

"Ukirudi watasema nilikuwa nakufa. Sikuwa nakufa. Nilijidunga, halafu sikula. Wenzangu walikuwa wamejaa mlangoni pa darasa, nikaona haya kutoa chakula kabla ya wakati."

Fundi alifumba macho. Akauliza, "Wamejua wote?"

"Wote. Mpaka wa madarasa mengine walikuja kuchungulia dirishani, kama mimi ni ng'ombe aliyezaa mapacha."

Kisha kikatoka kicheko, kidogo, chenye maji ndani yake. Fundi naye akacheka, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa.

Kwenye mkoba wake kulikuwa na sindano na uzi mwekundu. Fundi hasafiri mikono mitupu. Alivigusa kwa vidole. "Kitinda. Sasa nikushone?"

Upande wa pili kijiko kiligonga sahani.

"Bado, mama."

"Sawa."

"Lakini usirudi."

Siku ya pili ilikuwa ya mlima. Barabara ilijikunja, ikajikunja tena, na kila kona iliahidi kilele ikatoa kona nyingine. Moyo wa fundi ulikuwa nyumbani, miguu ilikuwa huku, na kati yao hapakuwa na anayesikilizana na mwenzake. Mara mbili alisimama, akageuza uso wa baiskeli kuelekea alikotoka. Kushuka kungekuwa rahisi namna gani. Asingehitaji hata kukanyaga. Angefika, angemkumbatia mtoto mbele ya shule nzima, na mtoto angekuwa mgonjwa tena, mgonjwa kweli, mgonjwa wa mama.

Aligeuza tena.

Karibu na juu, mzee tarishi alishuka akaanza kusukuma. Fundi akashuka pia.

"Hii inahesabika?" aliuliza akihema.

"Barua nyingine nilizifikisha hivihivi," mzee alisema. "Hakuna aliyewahi kuirudisha akisema imekuja kwa miguu."

Wakasukuma pamoja hadi upepo ulipobadilika, wakaona mabati ya mji ule mwingine yakimeta bondeni.

Waliingia uwanjani wakati turubai zinaanza kukunjwa. Watu waliosalia walipiga makofi, wengine wakiwa na chupa mkononi. Fundi alimwona mumewe kwanza, ana rangi nyeupe sikioni. Walikuwa wamekuja kwa basi la asubuhi. Nyuma yake alikuwa Kitinda, mikono mifukoni.

"Umepauka," Kitinda alisema.

"Nawe umepauka."

Hawakukumbatiana. Kitinda aliipokea baiskeli kwa usukani, na fundi akajiachia kwenye nyasi kama furushi lililofunguliwa kamba.

"Naweza kuzunguka nayo?"

Fundi aliitikia kwa kichwa. Msichana aliiegemeza baiskeli kiunoni, akatoa kipimo kwenye mkoba, akajichoma kidole, akasubiri. Wanaume waliokuwa wanakunja turubai walimtazama. Mtoto mmoja alisogea karibu ili aone vizuri, naye hakumfukuza. Akasoma namba, akalamba tone la damu, akatafuna biskuti mbili bila haraka, makombo yakimwangukia kifuani. Fundi aliyatazama magoti yake mwenyewe mpaka msichana alipomaliza.

Kiti kilikuwa juu mno kwake. Aliendesha amesimama, akayumba, akanyooka. Mzunguko wa kwanza alikaa karibu nao. Wa pili ulikuwa mpana zaidi, ukapita nyuma ya magoli. Katika wa tatu alifika kwenye lango la uwanja na hakukata kona. Alitoka.

Fundi alianza kuinuka. Maneno yalikuwa yamekwisha kupanga foleni mdomoni. Usiende mbali, kuna magari, una biskuti nyingine?

"Mwache," mumewe alisema, akamwekea mkono begani.

Alibaki hivyo, nusu ameketi, nusu amesimama, kiganja kimoja kwenye nyasi. Nje ya lango barabara iliteremka. Kutoka upande wa pili wa ukuta kengele ya baiskeli ililia mara moja, kisha tena, mbali kidogo.