Sepali Ndani, Petali Nje

Mwalimu mkuu aliniambia maua ya mtihani wa majaribio wa baiolojia yakatwe asubuhi, dakika chache kabla ya watoto kuingia. Mimi, mtunza maabara, nikayakata jana yake mchana. Kiherehere tu. Nilitaka aone kwamba huyu kibarua wa miaka sita anastahili ajira ya kudumu. Barua yenyewe ilikuwa mezani kwake, ikisubiri saini.

Asubuhi nikafungua kabati. Maua ishirini na moja yamebaki vikonyo vitupu, petali na sepali zimelala kwenye trei. Na mti wa langoni nilikoyakata nilikuwa nimeunyoa wote, hata ua la dawa halikubaki.

Nikachukua gundi. Kila ua petali nyekundu tano, sepali za kijani tano. Vidole viliganda mpaka mlango nikaufungua kwa kiwiko. Lakini haraka haraka haina baraka: nyekundu nilizibandika nje, za kijani ndani, kama bitana ya koti. Mwalimu wa baiolojia aliwahi kusema zote hizo ni majani yaliyobadilika tu, basi sikuona tatizo. Jani ni jani.

Watoto wakachora kimya. Binti yangu, meza ya mbele, alilinusa ua lake, akanitazama, akainama kuandika.

Saa nane nikaitwa ofisini.

"Ishirini wamechora ua la kitabuni," mwalimu mkuu akasema. "Hata kutazama hawakutazama. Mmoja tu kachora kilichokuwa mezani." Akanisomea: "Kazi ya sepali ni kulinda ua kabla halijachanua. Hizi zinalindwa na gundi ya baba."

"Ni mtoto mkweli, mwalimu," nikasema. Nilijua nimekwisha.

"Tena sana." Akaivuta ile barua, akakata neno maabara, akaandika maktaba, akasaini. "Kuna vitabu mia tatu vimeachia majalada. Kuanzia Jumatatu."

Nyumbani binti yangu alinisubiri mlangoni.

"Baba, umekasirika?"

"Nimekasirika, ndiyo." Na furaha ilikuwa imenijaa mpaka kooni, nikashindwa kuificha. Nikaukunjua mchoro wake, niliopewa na mwalimu mkuu, nikatafuta kosa ili nibaki na heshima kidogo. "Hii petali ya tatu umeipinda."

"Sijaipinda mimi, baba," akasema. "Nimeikuta hivyo."