Bwana Afya Ndani ya Tundu la Sikio

Usiku wa jana, kabla hata sijavua kilemba, niliota Bwana Afya amepiga hodi kwenye sikio langu la kushoto.

Nieleze kwanza nilivyolala. Mjukuu wangu Hadikwa alikuwa ameahidi kuniletea kitukuu changu, Shamsa, asubuhi ya leo nimtoboe masikio. Kwetu kazi hiyo ni yangu. Nilimtoboa Hadikwa mwenyewe, na mama yake, na mama zake wadogo wote, kwa sindano na uzi mweusi, kisha nikawawekea kijiti cha ufagio ili tundu lisizibe. Siku hizi mikono inatetemeka. Kutunga uzi tu kunanimalizia asubuhi nzima. Lakini Hadikwa aliniambia kwenye simu, "Bibi, simpeleki kwingine. Nataka mkono wako." Nikamwambia haya, mlete. Ningemwambiaje hapana? Basi nikalala nimechoka kwa kazi ambayo hata sijaifanya.

Ndotoni niko jikoni, nachemsha sindano. Imekaa ndani ya sufuria kama mtu anayeoga.

"Ongeza kuni," inaniambia. "Maji haya ni ya kunawia uso."

"Mbona yanatokota?"

"Niliyemo humu ni mimi au wewe?"

Nikaongeza kuni. Ndipo nikasikia hodi. Bwana Afya alikuwa amesimama begani kwangu, mdogo kama punje ya mchele, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu uji."

"Nashukuru, mama, lakini niko kazini. Nimekuja kukagua."

"Kukagua nini? Hapa si hospitali."

Akafungua mkoba. Sheria ilikuwa humo, imelala. Akaipiga kofi dogo la mgongoni. Ikapiga miayo, ikasema bila kufumbua macho: "Mkaguzi ana ruhusa ya kuingia mahali popote palipotobolewa ngozi ya mtu."

"Mahali penyewe ni hapa," akasema Bwana Afya, akaishika hereni yangu na kuisogeza kama pazia.

Akavua viatu, akavipanga nje ya tundu, akaingia. Wageni wengi wameingia kwangu na matope yao. Huyu alivua viatu.

Sijui nilipitaje, lakini na mimi nimo. Ndani ya tundu la sikio langu ni chumba cha marehemu shangazi yangu Mwanaheri, aliyenitoboa nikiwa mdogo. Kinanukia mafuta ya nazi. Shangazi amekaa kwenye mkeka, ameshika sikio dogo kwa vidole viwili, analipuliza. Sikio hilo ni langu.

"Shangazi, bado umeshika tu?"

"Ulisema nisikuachie mpaka unyamaze kulia."

"Nilinyamaza zamani."

"Hukuniambia," akasema, akaendelea kupuliza.

Siku ile alinipulizia mpaka mashavu yakamuuma. Maumivu nayakumbuka miaka yote. Pumzi yake nilikuwa nimeisahau.

Bwana Afya akapitisha kidole ukutani, akakinusa. "Pasafi. Huyu mama aachwe apumzike. Sasa hivi anayetoboa ni nani?"

"Ni mimi."

Sheria ikakohoa mkobani. "Mkaguzi anaweza kuchukua kifaa chochote cha kutobolea na kukihoji."

Nikampa sindano. Akatikisa kichwa. "Hii nimeiona inaoga. Nataka vinavyoishika."

Akaichomoa mikono yangu taratibu, kama mtu anayemvua mtoto soksi asimwamshe. Sikuumia.

Mara tuko buchani, sokoni. Mikono yangu imelazwa juu ya meza ya saruji ya kukatia nyama. Mwenye bucha anaipungia nzi.

"Mikono ya nani hii?" anauliza. "Mbona imechakaa hivi?"

"Ya Bibi Mwantumu," nikasema. Ndiyo mimi.

"Ah! Basi isilale kwenye saruji, itapata baridi." Akavua aproni yake, akaitandika chini ya mikono.

Bwana Afya akapanda juu ya mzani ili aonekane. "Mikono, hamjambo?"

"Hatujambo," ukajibu wa kulia haraka. "Tuko tayari. Hatujawahi kukataa kazi."

"Mwongo huyo," ukasema wa kushoto. "Juzi kamwaga chai yote mkekani, nikafuta mimi."

"Nilitetemeka kidogo tu."

"Kidogo! Ulikuwa unacheza ngoma."

"Mmechoka?" akauliza Bwana Afya.

Mwenye bucha akaacha kupunga. Hata nzi walitua. Mimi mwenyewe sikujua mikono yangu itajibu nini, maana sijawahi kuiuliza.

"Tumechoka, Bwana," ukasema wa kulia polepole. "Lakini mtoto mwenyewe tunampenda. Sikio lake ni laini kama jani la mchicha. Tunaogopa kumwumiza, na tunaogopa kusema tunaogopa."

Bwana Afya akavua kofia. "Kwa uwezo niliopewa, naifungia mikono hii isitoboe tena. Kubeba mtoto, ruhusa. Kubembeleza, ruhusa." Akainama mkobani. "Na kupuliza?"

"Kupuliza sikukutaja," ikasema Sheria.

"Basi apulize, ila asisogee karibu sana."

Akauita mhuri wa zambarau, ule wa kugongea nyama. Ulikuwa umemzidi kimo, mwenye bucha akamsaidia kuunyanyua. Wakaugonga kwenye dole gumba la kulia.

"Na mimi je?" ikauliza sindano.

"Wewe utashona vifungo."

"Afadhali," ikasema. "Vifungo havilii."

Nikaamka. Kumekwisha kucha, na Hadikwa yuko mlangoni, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Bibi. Mteja wako huyu hapa, kaoga na kupakwa poda. Mkono uko tayari?"

Nikanyoosha mikono nimpokee Shamsa. Hadikwa akaushika wa kulia, akaugeuzia kwenye mwanga.

"Bibi! Jana si ulisema hutoki nje? Buchani umeenda saa ngapi?"

Kwenye dole gumba palikuwa na alama ya mviringo, ya zambarau, imefifia upande mmoja. Nikaitemea mate, nikaisugua kwa pindo la kanga. Haikutoka.

"Nimefungiwa, mjukuu wangu," nikasema. "Twende zahanati. Wao watoboe, mimi nitashika na kupuliza."