Mashapo ya Mwanahalima

Siku ya kufa kwake, Mwanahalima alimshika Mize mkono akamwambia, "Mwanangu, nikishazikwa, yale mashapo yamwage. Usiyapikie."

Mize aliitikia, lakini hakuyamwaga. Alikuwa amemsaidia bibi huyo miaka saba kupika pombe ya mtama, waliyowauzia vibarua wa bara kwenye shamba la minazi la Mjerumani. Alijua kuwa utamu wote ulikuwa mle, kwenye ile chachu nzito inayobaki chini ya mtungi ukishachotwa, ikingojea upishi unaofuata. Mwanahalima alikuja nayo kisiwani alipoletwa mateka, imekaukia kwenye pindo la nguo yake. Tangu hapo haikuwahi kukatika.

Kila mtungi mpya, bibi alikunywa kifuu cha kwanza peke yake, amewapa watu mgongo. Mize aliona ni mazoea ya uzee tu.

Jumapili ya kwanza baada ya arobaini, alasiri, vibarua walikaa uani wakinywa. Mmoja wao, Jumanne, Myao mcheshi kuliko wote, alimaliza kifuu cha tatu, akanyamaza, akasimama. Aliweka mkono shingoni kana kwamba anashikilia kitu kizito. Mwenzake akasimama nyuma yake vilevile, na mwingine, na mwingine. Wakatoka kwa mstari, hatua sawasawa, hadi pwani. Maji yalipowafika magotini wakasimama. Halafu wakarudi, wakakaa, wakaendelea na mazungumzo pale pale walipoyaachia.

"Mlikwenda wapi?" Mize aliuliza.

"Kwenda wapi, dada?" alisema Jumanne, shuka lake likichuruzika maji. "Tumekaa hapa hapa."

Jumapili ya pili maji yaliwafika kiunoni. Ya tatu yakawafika kifuani.

Ya nne, kabla hawajaja, Mize alichota kifuu akanywa mwenyewe, apate kujua. Pombe ilikuwa tamu kama siku zote. Mara shingo yake ikalemewa, akahisi mti wa kongwa la watumwa ukimkwaruza chini ya masikio. Mchanga ulikuwa wa moto. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia, naye hakuweza kugeuza kichwa. Kilio kikawa mbali, kikawa mbali zaidi, kikakatika.

Alipozinduka alikuwa baharini, maji kidevuni. Jumanne alikuwa amemkamata mkono akimvuta.

"Nimekuita mpaka koo limenikauka," alisema walipofika nchi kavu. "Ulikuwa unambembeleza mtoto. Sikujua kama unakijua Kiyao."

"Sikijui," Mize alisema.

Jumanne akauachia mkono wake polepole.

Mwanahalima hakuwahi kumtajia mtu kwamba alizaa; kumbe kile kifuu cha kwanza alikinywa peke yake ili mzigo ule usiwafikie wengine. Mize alirudi nyumbani na nguo zake mbichi, akachimba shimo nyuma ya jiko, akamwaga pombe yote pamoja na mashapo, akauvunja mtungi juu yake. Ardhi iliinywa upesi mno, haikuacha hata povu. Alikaa pale mpaka Magharibi, akiomba radhi.

Mwezi uliofuata alichachusha kwa tembo la mnazi. Pombe ilitoka chachu na nyepesi, vibarua wakanung'unika, lakini walikunywa wakaenda makwao, kila mmoja na njia yake. Mize alipoulizwa kwa nini kila Alhamisi anasoma Fatiha mbili kwa marehemu mmoja, alisema ya pili ni ya mtu asiyemjua jina.