Karatasi Iliyokwama

Kila alfajiri umeme uliporudi, printa ya marehemu ilinguruma. Ilianza kwa kukwaruza, ikahangaika kama mtu anayetaka kukohoa akashindwa, kisha kimya. Mjane alijifunika shuka gubigubi. Wiki ya saba hiyo tangu msiba, na chumba cha picha hajakitia mguu. Tena usimcheke. Ungekuwa wewe peke yako katika nyumba ile, ungeshahamia kwa jirani.

Alijua kwa nini inanguruma, au alidhani anajua. Siku ile mchana mumewe alitoka chumba cha picha ameshika kifua, akamwambia, "Najilaza kidogo. Usizime kitu huko ndani, kuna picha inatoka." Sasa mama huyu ana ugonjwa mmoja tangu ujana wake: hawezi kupita penye swichi iliyowashwa akaiacha. Pasi, redio, feni, vyote huvizima ukutani. Akapita na ufagio wake, mkono ukaenda wenyewe, tap! Alipokwenda kumwamsha mumewe, mtu hayupo tena. Loo!

Wageni wa msiba ndio waliowasha ile soketi, wapate kuchaji simu zao. Tangu hapo ikawa ni kunguruma. Mjane hakumwambia mtu. Kichwani mwake mumewe alikuwa anadai picha yake, na kila alfajiri anauliza nani kaizima.

Na picha yenyewe ilihitajika kweli. Mzee yule alipiga picha za mtaa mzima, harusi na mahafali, lakini yeye mwenyewe hakuwa na hata moja ya maana. Msibani walikuza ile ya kitambulisho, sura ikafifia, utadhani mtu anatafutwa na polisi. Mjane aliona haya mbele za watu.

Sasa binti yake alikuwa anakuja kumchukua akaishi naye, labda miaka miwili. Hakutaka kuondoka akiacha kitu kinamlalamikia ndani ya nyumba. Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa printa.

"Shemeji, mbona umesimama mlangoni kama mgeni kwako?" fundi alimtania, akifungua mkoba wake.

"Fanya kazi yako, acha maneno."

"Haya, mama mkali. Ila nikueleze, usije ukasema sikukwambia. Printa ya wino haitaki kutelekezwa. Wino ukikaa humo miezi na miezi, unakauka kwenye vitundu, vinaziba, basi tena. Tunautoa, tunapitisha dawa ya kusafishia. Halafu tunaizima kwa kitufe chake, kile kichwa kinachomwaga wino kirudi pembeni kijifunike. Ukiizima ukutani, kinabaki wazi katikati, kinakauka."

Mjane alitazama sakafu. Fundi akainua kifuniko, akaguna.

"Nani kaifanyia hivi? Kichwa kimegota katikati. Na karatasi imo ndani! Ndiyo maana inapiga kelele. Umeme ukirudi inajaribu kuitema, haiwezi."

"Itoe," alisema mjane.

Fundi aliivuta kwa mikono miwili, taratibu, asiichane. Ilikuwa karatasi kubwa, ya kutundika ukutani. Zikatoka nywele zenye mvi, likatoka paji la uso, yakatoka macho mawili, makubwa sawa na ya mtu mzima aliyekaa mbele yako. Ikatoka pua. Chini ya pua wino ulikatika kwa mstari mnyoofu, na kuanzia hapo karatasi ilikuwa nyeupe tupu.

"Kaka," alisema fundi, akakaa chini. "Alijipiga mwenyewe. Kumbe ilikuwa inatoka, umeme ukakatika."

"Haukukatika. Nilizima mimi." Akamweleza yote, tangu kifua mpaka ufagio, akilia bila kujifuta. "Aliniambia nisizime, shemeji. Neno lake la mwisho, nami sikulishika. Imalizie. Nakuomba, imalizie."

Fundi alitikisa kichwa. Marehemu alichapa moja kwa moja kutoka kadi ya kamera, na printa ikizimwa hivyo haikumbuki kitu. Kamera alipewa mpwa wao, na mpwa alishaifuta kadi yote apate nafasi ya picha zake. Waliyokuwa nayo ndiyo hiyo nusu.

Mjane aliingia, akaketi, akaiweka magotini. "Macho haya yananicheka au yananisema?"

"Sijui, shemeji. Mtu bila mdomo utamjuaje?"

Akarudi kwenye kazi yake, maana hakujua afanye nini kingine. Alitoa wino, akapitisha dawa kwa bomba la sindano mpaka matone yakatoka meupe, akabonyeza kitufe. Kichwa kikateleza pembeni, kikajifunika. Printa ilikuwa tayari kulala hata miaka mitatu. Mjane hakuitazama. Alikuwa anamtazama fundi, jinsi alivyobana midomo akifunga mkoba. Wale ndugu walitoka tumbo moja, na mdomo walipewa mmoja.

"Njoo hapa," alisema. Akaikunja ile sehemu nyeupe kwa nyuma, akainua karatasi, akaisimamisha mbele ya uso wa shemeji yake, mstari ukakaa juu ya midomo yake.

Mumewe alikuwa mbele yake, mzima.

"Shemeji, unanitisha," ulisema ule mdomo.

"Nyamaza. Hebu cheka. Kidogo tu, kama alivyokuwa anacheka yeye."

Fundi alijitahidi. Midomo ilipanuka, ikatetemeka, ikashindwa. Machozi yakatoka nyuma ya karatasi, yakateremka mpaka kidevuni, na juu yake yale macho mengine yakaendelea kumtazama mjane, makavu.