Miwani Nyeusi Siku ya Kimchi

Simu ya Mama Taeo iliingia Ijumaa asubuhi, Gaeul akiwa bado ameegemeza kidevu kwenye mashine ya kupimia, katika hospitali ya macho mjini Gwangju. Daktari alikuwa anachungulia jicho la kushoto. Taeo, mchumba wake, aliipokea simu mlangoni, na uso ukambadilika kama mtu aliyekalia maji.

"Mama anasema baridi kali inakuja mapema," alisema alipokata. "Kimchi haisubiri tena wiki ijayo, ni kesho. Anataka na wewe uje. Amesema watu wa nyumbani wote waje."

Gaeul akafumba macho kwa nguvu, halafu akakumbuka kwamba ameambiwa asiyabane, akayafumbua polepole.

Mwaliko huo alikuwa ameusubiri tangu wachumbiane. Kule Naju, kwa Mama Taeo, mwanamke anayeitwa siku ya kimchi, kupaka pilipili kabichi za akiba ya mwaka mzima, ni mwanamke wa nyumba ile. Asiyeitwa ni mgeni, anapelekewa bakuli lake mlangoni na kuambiwa asante kwa kuja. Harusi ilikuwa ya Aprili. Kuukataa mwito wa kwanza ingekuwa kama kumwambia mama mkwe kwamba kabichi zake hazimhusu Gaeul.

"Pilipili ya unga?" daktari aliuliza, akainua kichwa. "Jana tu nimekufanyia operesheni, leo unaniambia pilipili ya unga?"

"Nitakaa mbali nayo, daktari."

"Kaa mbali kweli. Maji yasiingie, vumbi lisiingie, na mkono usiguse jicho hata likiwasha. Vaa miwani hii ya kukinga, iliyozibwa pembeni. Ukiivua penye pilipili tutaonana hapa tena, na hatutakuwa tunacheka."

Shida ya pili ilikuwa kwamba Mama Taeo hakujua lolote. Mwaka uliopita binti wa jirani alipotengeneza pua, Mama Taeo alisema mbele ya watu kwamba mwili ni zawadi ya wazazi, na zawadi haipelekwi kwa fundi. Gaeul alikuwa amekaa palepale, miwani yake nzito imejaa mvuke wa supu. Tangu darasa la kwanza alikuwa mtu wa miwani, na sasa alifanya kazi kwenye duka la tambi, ambapo kila akifunua sufuria dunia ilipotea. Alichotaka ni kuona anachopika. Wakakubaliana na Taeo kwamba mama ataambiwa macho yakishapona.

Jumamosi walipofika, ua ulikuwa umejaa. Kabichi zilizolala kwenye chumvi usiku kucha zilikuwa zimerundikwa zikichuruzika maji, na katikati, kwenye beseni kubwa jekundu, shangazi yake Taeo, Malsuk, alikuwa anamimina pilipili ya unga kutoka kwenye gunia. Wingu jekundu lilipanda. Gaeul akasimama upande ule upepo unakotokea, kiwiliwili chote kimejificha nyuma ya Taeo. Miwani ilikuwa nyeusi tititi, na mbingu ilikuwa ya mawingu.

"Karibu, nyota wa sinema," shangazi Malsuk alisema bila kuacha kumimina. "Umekuja kutia sahihi kabichi zetu?"

Wanawake wakacheka. Gaeul akainama kusalimia.

"Ana macho mekundu," Taeo akaropoka kabla hajaulizwa. "Yale ya kuambukiza. Kidogo tu lakini."

Gaeul alitamani ardhi immeze. Mama Yunseok wa nyumba ya pili alivuta beseni lake akalikumbatia. "Ya kuambukiza, na umemleta kwenye chakula cha mwaka mzima? Taeo, wewe ulisomea nini?"

"Macho mekundu gani," alisema shangazi Malsuk. Alitua gunia, akajifuta kwenye aproni. "Mimi nina mabinti watatu na wote wamepita huko. Miwani nyeusi siku ya mawingu, miezi michache kabla ya harusi. Huyu amekunja kope kwa daktari, macho yaonekane makubwa. Hapo chini macho yamevimba kama maandazi."

Mama Taeo alikuwa amechuchumaa kwenye kabichi, mikono ndani ya glavu za mpira hadi kwenye viwiko. Hakuinuka. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ilimtisha Gaeul kuliko kelele.

"Kope zako nilizipenda zilivyo. Nimemwambia kila mtu hapa, mkwe wangu ana macho ya kwao. Kama umezikunja, umezikunja, ni zako. Lakini mwanangu asinidanganye kwenye ua wangu. Vua miwani."

Wingu la pilipili lilikuwa bado halijatulia. Gaeul aliliona likipita kwenye mwanga, chembe moja moja, kwa uwazi ambao hajawahi kuuona maishani. Kuvua ilikuwa kazi ya sekunde moja, na ukweli ungeonekana. Mkono ulishafika kwenye miwani. Akaushusha.

"Sivui hapa, mama," alisema. "Si kwamba nakudharau. Nimefanya operesheni juzi, lakini si ya kope. Ni ya kuona. Leza. Pilipili ikiingia sasa hivi, naharibikiwa. Na ya macho mekundu ni uongo wa Taeo, mimi sikumtuma, ila hii nyingine nilikuficha mwenyewe. Niliogopa utasema nimepeleka zawadi kwa fundi."

"Hadithi tamu," alisema shangazi Malsuk.

"Malsuk, kanyaga breki," Mama Taeo alisema. Aliinuka, magoti yakalia. Alivua glavu, akanawa mikono bombani kwa sabuni, akaamrishwa na Gaeul anawe tena, akanawa. Kisha akamshika mkwe wake kwenye kiwiko, akamwingiza chumba cha ndani kabisa na kufunga mlango.

"Haya. Hapa hakuna pilipili."

Gaeul akavua. Mama Taeo alisogeza uso karibu mno, mpaka pua zao zikakaribia kugusana, akakodoa. Kope zilikuwa zilezile, nyembamba, bila mkunjo. Kwenye weupe wa jicho kulikuwa na madoa mawili ya damu.

"Hayo madoa?"

"Ni pale walipolibana jicho lisicheze. Yanaondoka yenyewe."

"Na unaona?"

"Naona kalenda ile pale. Tarehe kubwa, na zile ndogo za mwezi mwandamo chini yake. Naona umeandika 'mafuta ya ufuta' juu ya siku ya leo."

Mama Taeo aligeuka kuitazama kalenda. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko kalenda inavyohitaji.

"Mimi hata kubwa sizioni," alisema mwishowe. "Naandika kwa kukisia. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Waliniambia mwaka jana nipasuliwe, nikawajibu kwamba mwili ni zawadi ya wazazi." Akakaa kitandani. "Nilikuwa naogopa tu. Taeo hajui, na ukimwambia nitakunyima chakula. Hebu nieleze. Inauma?"

Gaeul akakaa kando yake. "Wanaanza na vipimo, asubuhi nzima, mpaka unachoka kutazama picha ya nyumba ndogo iliyo mbali. Halafu matone ya ganzi. Unalazwa, wanakupa mwanasesere wa dubu umkumbatie."

"Dubu? Mtu mzima?"

"Nilimkaba dubu yule mpaka nesi akacheka. Wanaweka kidude ili jicho lisifumbe. Kuna kugandamizwa, kama kidole kinasukuma. Taa zinazimika kidogo, hapo ndipo moyo unaruka, halafu unatazama nukta ya kijani na daktari anakusemesha. Kuna harufu kama nywele zimeungua. Umeanza kuogopa na imekwisha. Maumivu yalikuja nyumbani, jioni, kama nimekata vitunguu vya duka zima. Nikalala na vikombe vya plastiki vimebandikwa machoni. Asubuhi nikaona vumbi juu ya kabati. Mama, nyumba yangu chafu sana."

Mama Taeo alicheka mpaka akapiga paja. "Na mtoto wa jicho ni vilevile?"

"Hapana, hiyo ni nyingine, wanatoa kioo kilichozeeka wanaweka kipya. Sijui yote. Twende tukamuulize daktari, mimi na wewe. Dubu nitakuombea."

Walipotoka, miwani ikiwa imerudi usoni, Mama Taeo alitangaza ua mzima kwamba kope za mkwe wake ni zilezile za kiwandani, na mwenye kubisha atakwenda kusugua matangi ya kulowekea kabichi. Shangazi Malsuk alikohoa. "Nilisema yamevimba kidogo tu," alinung'unika, kisha akauliza kama hiyo hospitali inatibu na macho yaliyoshindwa kusoma.

Hakuna aliyemruhusu Gaeul kusogelea beseni jekundu. Alipewa stuli penye sufuria ya nyama ya nguruwe inayochemka, amkatie kila mtu kipande. Mvuke ulipanda ukaigonga miwani, akageuza uso haraka, akaifuta kwa leso. Taeo alitumwa kupaka pilipili badala yake, kama adhabu, akiwa amefungwa aproni ya maua, na kila kabichi yake ilirudishwa.

Mama Taeo alichana jani changa la kimchi mbichi, akafunga ndani yake kipande cha nyama na chaza mmoja, tonge kubwa kuliko mdomo wowote, akamwendea Gaeul.

"Fungua."

"Mama, ni kubwa."

"Fungua, mwanangu."

Pilipili ilimpanda mpaka masikioni. Machozi yakaanza kumtiririka chini ya miwani, na mikono yote miwili ikainuka kuyafuta.

"Shusha mikono," Mama Taeo alisema, akimshika vifundo vya mikono yote miwili. "Macho hayo hayaguswi. Wewe tafuna, yatatoka yenyewe."

Gaeul akatafuna.