Matambara ya Mkwe

Mjane akimwona baba mkwe anazungukazunguka shambani kwake, aseme ni mapenzi? Thubutu! Tumpale hakuwa mtoto mdogo.

Tangu mumewe Watson azikwe, alibaki na binti yake Erica na shamba moja la mahindi chini ya msitu, huko kwenye milima ya Ileje. Mahindi yale ndiyo chakula chao cha mwaka mzima. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Mzee Osea, baba wa Watson, angesema neno moja tu wakafungasha masufuria yao.

Kumuuliza hakuweza. Kwa mila za kwao, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia kichakani mpaka mzee apite. Miaka yote ya ndoa, Tumpale alimjua mkwewe kwa kikohozi tu.

Sasa jioni moja anatoka mtoni, anakuta shamba limezungushiwa kamba, na kambani yananing'inia matambara meusi, yananata, yananuka. Akasogelea moja. Mungu wangu! Chini ya ule weusi kulikuwa na mistari ya buluu. Shati la Watson la kanisani, lile alilochukua mzee siku ya kuanua matanga.

“Nilijua tu,” alijisemea. “Nguo ya marehemu shambani kwangu! Anataka tukauke, achukue ardhi yake.” Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Akakata kamba yote kwa panga, akayakusanya matambara, akayatia moto. Moshi ukamkaba akakohoa mpaka basi. Akajifuta machozi kwa mikono ileile, ndipo macho yakawaka kwelikweli. “Uchawi huu mkali jamani!” alisema, lakini alilala na furaha yake.

Asubuhi akakuta nguruwe pori wamefagia nusu ya shamba. Mabua yamelala, magunzi yametapakaa. Ng'ambo ya njia, shamba la mzee Osea lilikuwa na matambara yaleyale, na halikuguswa hata hindi moja. Tumpale akakaa chini akalia kwa sauti.

Kikohozi kikasikika. Mzee alikuwa amesimama njiani, amempa mgongo, anamtazama mbwa wake.

“Wewe mbwa,” alisema, “mwambie mama Erica, bwana shamba alitufundisha kwenye mkutano. Oili chafu na pilipili kichaa, nguruwe haiwezi harufu hiyo. Yeye hakuja kwa sababu mimi nilikuwepo. Ana heshima zake. Sasa ningemwambiaje?”

Mbwa akajikuna.

Tumpale naye akageuka, akampa mzee mgongo. Aibu ilimchoma kuliko pilipili. “Mbwa, muulize baba: na shati la Watson je?”

Mzee aliinama akampapasa mbwa kichwani.

“Mwambie magunia ya kuchana nilikuwa nayo. Lakini shamba hili alipaswa kulilinda mwanangu.”

Tumpale alitazama majivu pale mpakani, akatamani ardhi immeze. Angeweza kusingizia watoto, au upepo.

“Mbwa,” alisema, “mwambie baba nimelichoma. Nilidhani ananiroga.”

Mzee Osea alikohoa kwa muda mrefu. Kisha kitu kikaanguka kwenye majani nyuma ya Tumpale. Ilikuwa kamba mpya.

“Mwambie koti la mwanangu bado lipo,” alisema mzee. “Naye ashike ncha hiyo.”